ThinkPad T480 ya Mtumba kwa Picha za Jukwaani: Kinachoboreshwa na Kisichoboreshwa

Mchanganya picha wa Kigoma hawezi kuchagua kompyuta mpakato kwa vigezo vilevile anavyovitumia mwenzake wa Dar es Salaam. Kazi yenyewe ni moja, yaani kuendesha klipu, majina ya maharusi, nembo za wadhamini na picha za kamera kwenye skrini kubwa huku shughuli ikiendelea, lakini mazingira ni mengine kabisa: kipuri huagizwa Kariakoo na kusafiri kwa basi, au kwa treni mpaka pale Reli ya Kati inapoishia, umeme hukatika katikati ya sherehe, vumbi la kiangazi huingia kila penye upenyo, na mashine ikigoma Jumamosi jioni si rahisi kupata nyingine ya kuazima. Tathmini hii inaihusu Lenovo ThinkPad T480, mashine ya mwaka 2018 ambayo sasa inapatikana kwa wingi kwa wauzaji wa kompyuta zilizotumika, kama nilivyoitumia na programu ya Resolume Avenue katika kumbi za Mwanga, Gungu na Ujiji. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa skrini moja ya LED na matabaka mawili au matatu ya video, T480 iliyoboreshwa inavyostahili ni kifaa cha kuaminika na cha gharama ya busara; lakini kwa kamera kadhaa za moja kwa moja, au kwa projekta nyingi zinazounganishwa kuwa picha moja, haifai, na hakuna fedha itakayoifanya ifae.

Resolume hutengenezwa Uholanzi na huja kwa matoleo mawili. Avenue ni ya kuchanganya klipu, na Arena huongeza kazi za kulaza picha juu ya kuta na maumbo yasiyo bapa, kuunganisha projekta na kuwasiliana na taa za jukwaa. Matoleo yote mawili hufanya sehemu kubwa ya kazi kwenye chipu ya picha, na watengenezaji wenyewe wanashauri kompyuta yenye kadi ya picha ya pekee. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, maana muuzaji atakutajia prosesa kwanza, ramu baadaye, kisha ukubwa wa diski, na chipu ya picha hataigusia mpaka umuulize. Skrini inapoonyeshwa fremu 60 kwa sekunde, kompyuta ina milisekunde 16.7 tu za kusoma kila klipu, kuifungua, kuipitisha kwenye efekti, kulaza tabaka moja juu ya jingine na kutuma picha iliyokamilika nje. Ikichelewa, fremu hurukwa na mwendo hukwama mbele ya watu wote. Programu ya kuhariri video inaweza kutumia usiku mzima kutoa filamu ya dakika 10 na hakuna atakayejua. Programu ya jukwaani haina usiku mzima.

T480 niliyonunua ilikuwa na prosesa ya Core i5-8350U yenye viini 4, kipande kimoja cha ramu cha gigabaiti 8, diski ya SSD ya gigabaiti 256, na kioo cha pikseli 1,920 kwa 1,080. Kioo nakitaja makusudi, kwa sababu ziko T480 zenye kioo cha 1,366 kwa 768, na juu ya kioo hicho vidirisha vya Resolume husongamana kiasi kwamba kumpata bibi harusi kwenye orodha ya klipu kunakuwa kazi ya kupekua badala ya kubonyeza. Prosesa haikunisumbua. Toleo la Core i7-8650U lina kasi ya juu zaidi kwenye karatasi, lakini lina chipu ileile ya picha, Intel UHD 620, na bajeti ileile ya umeme ya wati 15 ambayo prosesa na chipu ya picha hugawana. Chipu ya picha inapofanya kazi kwa bidii, prosesa hupunguziwa chakula, na kinyume chake. Kwa kazi hii, anayelipa nyongeza kubwa ili apate i7 analipia kitu ambacho hatakiona kwenye skrini.

Uboreshaji ulioleta tofauti kubwa kuliko mingine yote ni wa ramu, na sababu yake si ile inayotajwa mara nyingi. Watu husema ongeza ramu ili programu ipate nafasi. Ni kweli, lakini kwa T480 jambo zito zaidi ni idadi ya vipande. UHD 620 haina kumbukumbu yake yenyewe; hukopa sehemu ya ramu ya kompyuta na kusoma na kuandika humo kila fremu inayopita. Ramu ya DDR4-2400 iliyofungwa kipande kimoja hupitisha kwa nadharia gigabaiti 19.2 kwa sekunde. Vipande viwili vinavyofanana vikifungwa katika nafasi mbili zilizopo, njia huwa mbili na kasi hufika 38.4. Fundi wa Mwanga aliyeifungua mashine mara ya kwanza alilisema hili kwa maneno machache: "Kaka, hicho kimoja kiuze, ununue viwili vinavyofanana." Alisema kweli kabisa.

Hesabu yake inaeleweka kwa urahisi. Fremu moja ya HD kamili, yaani pikseli 1,920 kwa 1,080, kwa baiti 4 kwa kila pikseli, ni takribani megabaiti 8.3. Kwa fremu 60, kuiandika mara moja tu ni karibu megabaiti 500 kwa sekunde. Kila efekti husoma picha na kuiandika upya, yaani gigabaiti 1 hivi kwa sekunde. Kila tabaka linalolazwa juu ya jingine husoma picha mbili na kuandika moja. Chukua matabaka matatu yenye efekti mbili kila moja, ongeza kioo cha kompyuta na skrini ya nje zinazosomwa bila kukoma, na utaona kwamba zaidi ya nusu ya uwezo wa kipande kimoja cha ramu imekwisha kabla prosesa haijasoma hata faili moja kwa ajili ya shughuli zake. Resolume ina kihesabu cha fremu kinachoweza kuwashwa kwenye menyu ya mwonekano, na namshauri kila mtu akiache wazi wakati wa majaribio. Kwa kipande kimoja, matabaka mawili ya HD kamili yenye efekti ya kawaida yalikuwa yakiyumba. Kwa vipande viwili vya gigabaiti 8, matabaka hayohayo yalitulia, na tabaka la tatu likakubalika nilipopanga komposisheni, yaani picha nzima ambayo Resolume huitoa, iende kwa fremu 30. Gigabaiti 16 kwa jumla zinatosha. Lenovo huitaja T480 kuwa na kikomo cha gigabaiti 32, lakini sikuona Resolume ikinufaika na kiasi hicho kwa kazi za ukumbini, na fedha hiyo ni bora iende kwenye diski.

Kuifungua si kazi ngumu, na hii ni sifa ambayo kompyuta nyingi nyembamba za leo zimeipoteza. Kwanza ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, uizime betri ya ndani, kisha chomoa betri ya nyuma, legeza skrubu 6 za mfuniko wa chini, ambazo hubaki zimeshikana na mfuniko hata zikilegezwa, na ubandue kingo taratibu kwa kipande cha plastiki. Ramu zote mbili ziko wazi mbele yako, na diski vilevile. Prosesa na chipu ya picha zimechomelewa kwenye ubao mkuu na hazibadilishwi. Mtu yeyote anayekuambia atakuongezea kadi ya picha ndani ya T480 hasemi kweli.

Diski niliibadilisha kwa sababu ya aina ya faili. Video tunazoletewa na wateja kwa WhatsApp au kwa flashi huwa karibu zote za H.264, mfumo unaobana sana kwa kuandika fremu chache kamili na kisha mabadiliko tu baina yake. Ni mzuri kwa kutuma na mbaya kwa jukwaa: ukiruka katikati ya klipu, kompyuta inapaswa kurudi kwenye fremu kamili ya karibu na kujenga upya zote zinazofuata, na ukicheza kinyumenyume mzigo unaongezeka maradufu. Mzigo huo hubebwa na prosesa, ile ile inayogawana wati 15 na chipu ya picha. Resolume ina kodeki yake, yaani mfumo wake wa kubana video, iitwayo DXV, ambayo kila fremu inajitegemea na hufunguliwa na chipu ya picha kwa urahisi mkubwa, na kuna programu ya bure iitwayo Alley ya kugeuzia faili. Kodeki ya HAP, ambayo ni huria, hufuata kanuni hiyohiyo, na inafaa kwa anayetumia programu nyingine.

Bei ya wepesi huo ni ukubwa wa faili. Katika ubora wa kawaida, DXV hutumia nusu baiti kwa pikseli kabla ya kubanwa tena, kwa hiyo fremu ya HD kamili ni karibu megabaiti 1, na klipu ya fremu 25 kwa sekunde inaweza kusomwa kwa hadi megabaiti 26 kila sekunde. Wimbo wa dakika 4 unaweza kufika gigabaiti 6, wakati faili ya H.264 ya wimbo huo ingekaa vizuri ndani ya megabaiti 250. Kwa ubora wa juu, ukubwa huo huongezeka mara mbili. Diski ya gigabaiti 256 ikishabeba Windows na programu, maktaba ya klipu za harusi mbili tatu huijaza. Nilifunga SSD ya terabaiti 1, nikaigawa ili klipu zikae upande wake, na sijajuta. Msomaji asihangaikie kasi za ajabu zinazoandikwa kwenye maboksi. Matabaka matatu ya DXV ni chini ya megabaiti 100 kwa sekunde, na hata SSD ya SATA, inayofika karibu megabaiti 550, hubeba hayo bila jasho. Kinachoshindwa ni diski ya zamani ya kuzunguka, maana hata kama inasoma faili moja kwa kasi ya kutosha, ikiombwa faili tatu kwa pamoja kichwa chake hutangatanga na kasi huporomoka. Kwa mwenye kompyuta ya diski hiyo, huo ndio ugonjwa wa kutibiwa kwanza. T480 ina vilevile nafasi fupi ya kadi ya mtandao wa simu inayopokea SSD ya urefu wa milimita 42, na ni mahali pazuri pa kuweka nakala ya pili ya klipu za siku hiyo.

Yote hayo yana uzito, lakini jambo ninalotamani kila mwenzangu wa Kigoma alishike halihitaji kununua chochote. Tumezoea kutengeneza kila kitu kwa HD kamili kwa sababu tumeambiwa ndiyo picha safi, ilhali skrini tunazokodisha hazina pikseli hizo. Paneli ya LED ya P3.91, yaani yenye milimita 3.91 kutoka taa moja hadi nyingine, yenye upana na urefu wa milimita 500 ina pikseli 128 kwa 128. Skrini ya mita 4 kwa mita 3, ambayo kwa ukumbi wa kawaida wa hapa ni kubwa, ni paneli 8 kwa 6, yaani pikseli 1,024 kwa 768. Hizo ni pikseli 786,432, wakati HD kamili ni 2,073,600. Ukiilazimisha kompyuta itengeneze HD kamili, zaidi ya pikseli sita katika kila kumi zinatengenezwa kwa jasho kisha zinatupwa au kusagwa na kisanduku cha kutuma picha, kile kinachokaa kati ya kompyuta na paneli, kabla hazijafika kwenye skrini. Mbaya zaidi, maandishi membamba ya majina na tarehe huharibika katika kusagwa huko, na lawama humwendea mwenye skrini.

Utaratibu ninaoufuata sasa ni kumuuliza mwenye skrini mambo mawili kabla ya siku ya shughuli: aina ya paneli na idadi yake kwa upana na kwa urefu. Hapo napata pikseli kamili. Vingi vya visanduku vya kutuma picha tunavyokutana navyo ni vya NovaStar, na kile cha MCTRL300, kwa mfano, hubeba hadi pikseli milioni 1.3 kwa jumla, yaani 650,000 kwa kila tundu la waya wa mtandao, ndiyo maana skrini ya mita 4 kwa 3 huhitaji waya mbili. Kwa programu ya NovaLCT kisanduku hicho kinaweza kupangiwa kipokee picha ya 1,024 kwa 768. Windows huiona skrini ya nje kwa kipimo hicho, nami naipanga komposisheni ya Resolume kwa kipimo hichohicho na kuzigeuza klipu katika Alley zifuatane nacho. Kila pikseli ninayoitengeneza huangukia taa yake. Klipu ileile ya dakika 4 iliyokuwa na gigabaiti 6 hushuka hadi karibu 2.4, na T480 iliyokuwa ikihema kwa matabaka matatu kwa fremu 30 huyaendesha kwa fremu 60 na efekti juu yake. Sijapata uboreshaji wa kununuliwa uliofanya zaidi ya huo. Anayetumia projekta hana nafuu hiyo kwa kiwango hicho, lakini naye aangalie: projekta nyingi za kukodisha zina pikseli halisi 1,024 kwa 768 au 1,280 kwa 800, hata kama boksi limeandikwa kwamba inapokea HD kamili.

Joto ni adui anayekuja taratibu. Prosesa ya i5-8350U ina kasi ya msingi ya gigahezi 1.7 na hupanda hadi 3.6 panapokuwa na nafasi ya joto na umeme. Joto likizidi, hujishusha yenyewe ili isiungue. Kwenye chumba chenye kiyoyozi hutaona tofauti. Chini ya banda la mabati mchana wa Ujiji, kompyuta ikiwa imewekwa juu ya kitambaa cha meza kilichoziba matundu ya chini, utaona fremu zikianza kupungua taratibu pasipo wewe kugusa chochote. Mashine ya mwaka 2018 ambayo haijawahi kufunguliwa huwa na vumbi lililoganda kwenye mapezi ya kupozea, na ile pesti inayopakwa kati ya prosesa na bomba la shaba huwa imekauka. Kuisafisha feni na kubadili pesti ni kazi ya gharama ndogo, na kwa mashine yangu ilirudisha utulivu ambao nilidhani umepotea kwa uzee. Mwambie fundi asipake kwa wingi. Baada ya hapo iinue kompyuta juu ya kipande cha ubao au fremu yenye miguu ili hewa ipite chini yake, na uiweke mbali na jua la moja kwa moja na mbali na moshi wa jiko la nyama.

Sifa ya T480 ninayoithamini kuliko zote ni betri zake. Ina betri ya ndani ya saa-wati 24 na betri ya nyuma inayochomolewa, ambayo hupatikana kwa saa-wati 24, 48 au 72. Kwa kuwa ya ndani hushikilia mashine, unaweza kuchomoa ya nyuma na kupachika nyingine Resolume ikiendelea kucheza. Kwa betri mpya kubwa, jumla ni saa-wati 96, na mashine ikitumia takribani wati 30 inaweza kufanya kazi kwa saa tatu hivi. Kigoma ni mji ambao kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli, na mpaka leo mwenye ukumbi hana budi kuwa na jenereta ya akiba. Umeme unapohamishwa kutoka chanzo kimoja kwenda kingine, skrini huzimika, muziki hunyamaza, na vyote hurudi baada ya muda mfupi. Kompyuta isiyozimika ina maana kwamba picha ikirudi, inarudi pale shughuli ilipo, bila kusubiri Windows iwake na programu ifunguke mbele ya wageni waliosimama kwa ajili ya keki.

Lakini hapo pana mtego ambao betri haiutatui. Kisanduku cha kutuma picha kikizimika, Windows huhesabu kwamba skrini ya nje imeondolewa, hupanga upya vioo vyake, na kisanduku kinaporudi huenda picha isirudi mahali pake mpaka uipange tena. Dawa yake ni kukiunganisha kisanduku hicho peke yake kwenye UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri ya akiba, kwa kuwa kinatumia umeme kidogo sana ukilinganisha na paneli zenyewe. Paneli zitazimika na kuwaka, kisanduku hakitajua kitu, na kompyuta vilevile. Aidha, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows chagua utendaji wa juu hata kwa betri, la sivyo mashine itajibana yenyewe dakika chaja inapokatika na utaona fremu zikishuka katika wakati usiofaa kabisa.

Kamera ndiyo inayoonyesha mpaka wa T480 waziwazi. Picha ya HD kamili isiyobanwa inayotoka kwenye kamera, kwa baiti 2 kwa kila pikseli na fremu 25, ni megabaiti 104 kwa sekunde. Kwa fremu 60 ni karibu 250. Tundu la USB 3 hubeba hiyo, na kwa kamera moja, kwa kadi nzuri ya kunasa picha, niliweza kumwonyesha mshereheshaji kwenye skrini huku tabaka moja la mapambo likicheza pembeni. Kamera ya pili ilipoingia, utulivu ulikwisha. Zile kadi ndogo za bei ya chini zinazouzwa kama flashi mara nyingi hupitia USB 2.0, ambayo haiwezi kubeba picha isiyobanwa hata ya fremu 25, kwa hiyo huibana kwanza na kuiachia prosesa kazi ya kuifungua. Matokeo yake ni kuchelewa kunakoonekana, midomo ya mwimbaji ikiwa nyuma ya sauti yake. Kwa kwaya hilo halivumiliki. Anayetaka kamera mbili au tatu atumie swicha ya video ya pekee, aingize kwenye kompyuta waya mmoja tu uliokwisha kuchaguliwa, au aache kompyuta iwe mojawapo ya vyanzo vinavyoingia kwenye swicha hiyo.

Ziko T480 chache zenye kadi ya Nvidia MX150 yenye kumbukumbu yake ya gigabaiti 2. Ukiipata katika hali nzuri, ichukue mbele ya ile ya kawaida, maana chipu ya picha haitegemei tena ramu ya kompyuta na mfumo wake wa kupoza ni mkubwa zaidi. Hakikisha tu kwamba kwenye mipangilio ya picha ya Windows umeipangia Resolume itumie kadi hiyo, kwa sababu ukiiacha ijichagulie inaweza kuendelea kutumia ya Intel nawe usijue. Gigabaiti 2 hata hivyo ni kidogo, na haiigeuzi mashine kuwa ya daraja jingine. Njia ya kuongeza kadi kubwa ya nje kupitia Thunderbolt 3 ipo, na T480 inalo tundu hilo, ila kisanduku chake, kadi yenyewe na umeme wake ni mzigo na gharama ambayo kwa mtu anayebeba vifaa kwa bodaboda kutoka Mwandiga haina mantiki. Mwenye kazi ya projekta nyingi au kamera nyingi ajinyime, anunue kompyuta ya michezo yenye kadi ya pekee kuanzia GTX 1650 ya gigabaiti 4 kwenda juu. Ajue pia anachokipoteza: chaja za mashine hizo mara nyingi ni za wati 150 na zaidi badala ya 65, kwa betri kadi ya picha hupunguza kasi sana, na umeme ukikatika hatakuwa na saa tatu.

Kabla ya kulipa dukani, washa mashine bila chaja, betri ya nyuma ikiwa imechomolewa, ili ujue kama ya ndani bado hai, kisha tazama afya ya betri zote mbili kwa programu ya Lenovo Vantage. Jaribu tundu la HDMI kwa skrini halisi, na ujaribu matundu yote mawili ya USB-C kwa chaja, kwa sababu T480 za mwanzo zilikuwa na tatizo la programu ya ndani ya Thunderbolt lililoweza kuliharibu tundu, na Lenovo ilitoa sasisho la kulirekebisha. Kama mashine bado nzima, weka sasisho hilo siku hiyohiyo. Prosesa za kizazi cha nane zinakubaliwa na Windows 11, jambo lenye maana tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma Oktoba 2025. Mwisho, nenda na flashi yenye klipu tatu za DXV na toleo la majaribio la Resolume, ambalo hufanya kila kitu isipokuwa huweka alama yake juu ya picha, ulifunge pale pale na kuzicheza klipu zote tatu kwa pamoja kwa robo saa huku ukitazama kihesabu cha fremu. Muuzaji asiyekubali jaribio hilo, mwachie mashine yake.